Hesabu ya foleni ya gesi ambayo hatuipigi

Picha ya foleni kwenye kituo cha kujazia magari gesi asilia huwa ni ileile. Bajaji zimepangana ubavuni mwa barabara, IST na Passo zimechomeka pua katikati yake, madereva wamekaa kwenye ukingo wa mtaro wakichezea simu, na chini ya picha mtu ameandika: gesi imetushinda. Maoni yanayofuata unaweza kuyaandika mwenyewe kabla hujayasoma. Huyu anasema gesi inaua injini. Yule anasema alitahadharisha tangu mwanzo. Wa tatu ana shemeji ambaye rafiki yake aliona gari likilipuka. Halafu anatokea mzalendo wa kutukumbusha kwamba gesi ni yetu, inatoka kusini, kwa hiyo kila mwenye gari afunge mtungi kesho asubuhi.

Mimi ni mtu wa magari. Gari langu la moyoni ni Altezza yenye injini ya 3S-GE na gia sita za mkono, ambayo sijaifungia gesi na sina mpango huo, kwa hiyo hakuna aliyetegemea niwe wakili wa mitungi. Lakini kila nikiusikiliza mjadala huu naona pande zote mbili zimeng'ang'ania jambo lisilo tatizo. Foleni ya gesi Dar es Salaam haithibitishi kwamba gesi imeshindwa. Inathibitisha kwamba bei ya gesi ni ndogo mno ukiilinganisha na uwezo wa mashine za kuijaza, na tofauti hiyo watu wanailipa kwa saa zao badala ya shilingi. Na malipo hayo ya saa hayaumizi wote sawa. Anayeumia zaidi ni dereva wa bajaji, yuleyule tunayemtaja kila tunapotaka kuisifia gesi.

Turudi nyuma kidogo. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Kwa miaka mingi ilikaa ardhini bila mteja. Ya Songo Songo ilianza kufika Dar mwaka 2004 ikaenda kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo na viwandani. Bomba kubwa la kutoka Mtwara likakamilika 2015, miaka miwili baada ya vurugu za 2013, watu wa Mtwara walipohoji kwa nini gesi yao isafirishwe kwenda kuneemesha wengine. Katika mipango hiyo yote gari dogo lilikuwa wazo la pembeni. Tuliokuwa tukipita Ubungo Maziwa, penye kituo cha kujazia magari gesi, miaka ile tulimwona aliyefunga gesi kama mtu wa majaribio, wa kundi moja na anayefuga samaki kwenye simtanki. Upepo uligeuka 2022. Petroli ilivuka Sh 3,000 kwa lita, Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi, na tangu hapo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo, simu za mafundi wa gesi huanza kuita. Mwaka 2025 TPDC, shirika la umma la petroli na gesi, ikafungua kituo mama, yaani kikubwa kinacholisha na vituo vidogo, barabara ya Sam Nujoma, jirani na Chuo Kikuu, na wengi tukadhani habari ya foleni imekwisha.

Sasa hesabu. Kilo moja ya gesi ina nguvu inayokaribia lita moja na nusu ya petroli. Imekuwa ikiuzwa takriban Sh 1,550 kwa kilo. Kwa upande wa petroli tuchukue Sh 2,800 kwa lita, bei isiyomwonea mtu. Mtungi wa lita 60, unaofungwa sana kwenye magari madogo, ukijaa sawasawa hubeba kama kilo 10. Kilo hizo zinagharimu Sh 15,500 na zinafanya kazi ya lita 15 za petroli, ambazo ni Sh 42,000. Kila ukiujaza mtungi umeokoa Sh 26,500. Hapo ndipo washabiki wa gesi wanapofunga daftari. Tusilifunge bado. Kama umekaa kituoni muda wa saa tatu kuupata mtungi huo, kila saa uliyokaa imekulipa takriban Sh 8,800. Foleni ni kibarua. Ina ujira, na ujira wake unahesabika.

Ukishaitazama hivyo, mambo mengi yaliyoonekana ya ajabu yanaeleweka. Kwa nini dereva wa teksi ya mtandaoni anakubali kupoteza asubuhi nzima? Kwa sababu akitoa makato ya programu, hesabu ya mwenye gari na mafuta, saa yake moja ya kuzungusha abiria Sinza na Mwenge huenda haimwachii Sh 8,800. Si mjinga, amepiga hesabu kichwani bila kalamu. Kwa nini wakili mwenye ofisi Posta alifunga gesi kwa mbwembwe na leo mtungi wake unasafiri mtupu kwenye buti? Kwa sababu saa yake inauzwa ghali kuliko hapo. Na kwa nini kituo kipya hakimalizi foleni? Kwa sababu foleni ikipungua, waliokuwa wakisita wanaona sasa inalipa, wanakwenda kufunga, na baada ya muda mstari unarudi ulipokuwa. Ule mstari utarefuka mpaka malipo ya kusubiri yalingane na malipo ya kufanya kazi. Hakuna anayeupanga, na maneno ya kuwataka madereva wawe wavumilivu hayaupunguzi hata kwa bajaji moja.

Mlete sasa wa bajaji. Mtungi wake ni mdogo, kilo nne hivi. Kwa bei zilezile, akiujaza anaokoa Sh 10,600, na kwa foleni ileile ya saa tatu, saa yake inalipwa Sh 3,500. Amesimama nyuma ya IST, jua moja, vumbi moja, anapokea chini ya nusu. Tena mwenye IST anayekwenda Posta na kurudi Tegeta, kama kilomita 50 kwa siku, mtungi mmoja unamfikisha siku ya tatu au ya nne. Wa bajaji kaumaliza wake kwa kazi ya kutwa. Kesho yupo tena palepale. Kwa hiyo tunaposema gesi ni ukombozi wa mnyonge, tukumbuke kwamba kwa mpangilio wa sasa mnyonge ndiye anayeinunua ghali kuliko wote, ila risiti yake haionyeshi.

Kwa nini mashine hazitoshi? Hapa wengi wanafikiri kituo cha gesi ni sheli ya kawaida iliyobadilishwa bomba. Sheli ni tangi na pampu. Lori likishamimina, kazi imebaki kufungua na kufunga. Kituo cha gesi ni kiwanda kidogo. Kinapokea gesi kutoka bombani, kinaikausha, halafu kompresa inaishindilia kwenye mitungi ya akiba mpaka mgandamizo unaozidi ule wa kwenye gari, ambao ni bar 200. Ukichomeka bomba, gesi haisukumwi kama petroli. Inahama yenyewe kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo, kama maji ya simtanki la juu. Magari matano ya kwanza yanajaa chapuchapu. Lakini mstari ukiwa mrefu, akiba inashuka, kompresa haiwahi kuirudisha, mtiririko unalegea, na anayefika mwishoni anaondoka na mtungi wa robo tatu baada ya kusubiri kuliko wote. Ongeza joto letu: gesi ikijazwa haraka inapata moto, mshale unasoma 200, ukifika Mabibo mtungi umepoa na mshale umeshuka, na dereva anaapa kwamba kaibiwa. Umeme ukikatika, kompresa ya umeme imelala na mstari wote umelala nayo. Vituo vidogo visivyo kwenye njia ya bomba hupelekewa gesi kwa malori ya mitungi, na hayo malori nayo yanapita Mandela Road ileile tunayoijua.

Kwa hiyo upungufu hauko ardhini wala bombani. Mwaka 2025 bwawa la Julius Nyerere lilikamilisha mashine zake zote tisa, megawati 2,115, na kila megawati inayozalishwa na maji kule Rufiji ni gesi ambayo haikulazimika kuchomwa Ubungo au Kinyerezi. Shingo ya chupa ni kompresa na idadi ya mabomba ya kujazia. Ni jambo la vyuma, umeme na viwanja vilivyo karibu na bomba. Halina uhusiano wowote na afya ya injini yako.

Lakini kwa kuwa injini ndiyo inayotajwa zaidi, tuipitie, tukianza na hoja dhaifu kuliko zote, ile ya mlipuko. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, nusu yake na ushee, kwa hiyo ikivuja inapanda na kutawanyika, wakati mvuke wa petroli unatambaa chini kutafuta cheche. Haiwaki mpaka ichanganyike na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, na joto la kuiwasha yenyewe bila cheche ni zaidi ya nyuzi 500, petroli ikiwa chini ya 300. Wanaoogopa moto wanaogopa kitu kisicho sahihi. Cha kuogopwa ni mgandamizo. Tairi lako lina PSI 32. Mtungi wa bar 200 una karibu mara 90 ya hiyo. Chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo kinauhimili miaka na miaka. Chuma kilicholiwa na kutu, kilichochomelewa mtaani, au kilichong'olewa kwenye gari la ajali na kupakwa rangi upya ni bomu hata kingejazwa hewa tupu. Anayetaka kupiga kelele kuhusu usalama apige kelele kuhusu cheti cha mtungi na ukaguzi wake wa kila baada ya miaka michache, maana hapo atakuwa na hoja na mimi nitamuunga mkono.

Hoja ya pili, kwamba gesi inaua injini, ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inadumu. Gesi ni kavu. Petroli ikiingia huwa inapoza na kulainisha kidogo viti vya valvu. Gesi haifanyi hivyo. Injini ya 1NZ ya kwenye IST haina tapeti za kujirekebisha zenyewe kwa oili. Nafasi kati ya valvu na kemu lazima ipimwe na fundi. Ikikaa muda mrefu bila kupimwa, valvu za kutolea moshi zinaanza kubaki wazi kidogo, zinaungua, gari linaanza kumisi na kupoteza nguvu. Je, gesi imeua? Imeharakisha kitu ambacho huwa tunakiahirisha hata kwenye petroli. Lini mara ya mwisho umesikia mtu wa Dar akisema anapeleka gari kupima nafasi za valvu? Sisi tunabadilisha oili na kuosha gari, tunaita hiyo sevisi. Plagi nazo: gesi inataka cheche kali zaidi, kwa hiyo plagi iliyochoka inayovumiliwa na petroli itaumbuka kwenye gesi, na ukiendelea kuiacha inakokota koili kaburini. Pampu ya mafuta inakufa kwa sababu watu wanaendesha miezi mitatu na tangi la petroli tupu, ilhali pampu inaendelea kuzunguka mle ndani na petroli ndiyo inayoipoza. Lita kumi za petroli zikibaki kwenye tangi, pampu inaishi. Uchumi wa kubana lita kumi umemgharimu mtu pampu nzima, halafu lawama inapewa Mnazi Bay.

Nilijionea hili kwenye IST ya nyumbani. Gereji moja iliyotufungia ilituambia kazi ni ya saa nne, tukaondoka jioni tukifurahi. Wiki ya pili gari likaanza kumisi likipanda mlima wa Makongo. Tulizunguka kwa mafundi watatu, kila mmoja akisema ni kawaida ya gesi, mpaka kijana mmoja akafungua na kutuonyesha kwamba nozeli za gesi zimeunganishwa kwa mipira mirefu isiyolingana, na programu ya mfumo haijapangwa kabisa. Wameacha vipimo ilivyotoka navyo kiwandani. Alikata mipira ikawa mifupi na sawa, akakaa na kompyuta yake kwenye kiti cha abiria huku mke wangu akiendesha, wakarudi baada ya nusu saa. Haijamisi tena. Tatizo lile lilikuwa la mikono, na mikono mibovu ipo hata kwenye kufunga redio.

Kuna magari ambayo kweli hayafai, na hapa wafungaji wenye njaa ya wateja wanawadanganya watu. Crown Athlete ya V6 yenye injini ya 4GR-FSE, gari linalopendwa sana na vijana wa mjini, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya chumba cha mlipuko. Ncha za nozeli zake zinakaa motoni, na kinachozipoza ni petroli yenyewe inayopita. Ukizima petroli ukawasha gesi ya mfumo wa kawaida, umeziacha zichomwe kavu. Ipo mifumo maalumu inayoendelea kupitisha petroli kidogo, lakini ni ghali na inataka fundi anayejua anachofanya, na ule uokoaji uliokuwa ukiuhesabu unapungua. Mwenye Crown ya namna hiyo akiambiwa afunge kwa bei ya IST, aondoke hapo gereji kabla hawajafungua boneti.

Halafu nguvu. Wenzangu wa magari wanaitaja hii kwa dharau kuliko zote, na wana haki nusu. Gesi inaingia ikiwa hewa, inachukua nafasi ya hewa ambayo injini ingeivuta, kwa hiyo kwenye injini ya kawaida unapoteza kama asilimia 10 ya nguvu, zaidi kidogo kama taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, haijasogezwa, kwa kuwa gesi inaungua taratibu. Kwenye IST iliyobeba watu wanne na mtungi wa chuma unaokaribia uzito wa mtu mzima, utaisikia kwenye kila mlima. Lakini hiyo ni kasoro ya injini ya petroli iliyolazimishwa kula chakula cha mwenzake. Okteni ya gesi, yaani kipimo cha kuhimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati, iko zaidi ya 120. Injini iliyoundwa kwa ajili yake inaweza kubana zaidi bila kugonga: Honda ilitengeneza Civic GX ya gesi yenye uwiano wa mgandamizo wa 12.5 kwa 1, wakati 1NZ yetu ina 10.5. Ukiiwekea tabo ya kuisukumia hewa ndiyo inanoga kabisa. Volkswagen ilipeleka Scirocco za gesi asilia kwenye mbio za saa 24 za Nürburgring mwaka 2009, na kule hakuna anayekuonea huruma kwa sababu ya mafuta uliyoyachagua. Sisi tuliokua tukisikia hadithi za mbio za magari za Safari Rally tunajua pia kwamba nguvu si kila kitu. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo sifa yake kubwa ilikuwa kufika. Buti, hilo sina utetezi. Ukifunga mtungi kwenye IST, buti limekwenda, na Krismasi ya kwenda Moshi utapakata mabegi.

Hoja nzito dhidi ya gesi wala haitajwi sana mitaani: umeme. Kwa nini nchi ijenge vituo vya kompresa vya gharama kubwa wakati bajaji na pikipiki za umeme zinaingia, na bwawa lipo? Nikiri kwamba kwa bajaji naona hoja hii inakuja kushinda. Chombo kinachozunguka ndani ya kata tatu, kinachosimama kila baada ya dakika kumi, kinachorudi nyumbani usiku, kimeumbwa kwa ajili ya betri. Lakini gari dogo la mtumba ndilo gari la Mtanzania, na la umeme lenye umri na bei ya IST bado ni nadra, likija linakuja na betri iliyochoka ambayo Ilala nzima hakuna wa kukufungulia. Gesi ina miaka yake ya kazi hapo katikati. Ndiyo sababu nyingine ya kutoitawanya ovyo: kompresa ya leo ijengwe mahali ambapo hata magari madogo yakihama kwenda kwenye umeme, bado itakuwa na mteja.

Mteja huyo ni basi. Na hapa naona upofu wetu mkubwa. Chombo kinachobeba watu wengi zaidi Dar ni daladala, na daladala ni Coaster, Rosa na Eicher za dizeli. Injini ya dizeli haina plagi. Huwezi kuifungia mtungi jioni moja kama IST. Kwa hiyo gesi yetu, kwa sababu ya kiufundi tu, imekwenda kwenye magari yenye mtu mmoja au wanne, ikaruka yale yenye thelathini. Mabasi mapya ya mwendokasi ya njia ya Mbagala yanatumia gesi, na kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko mitungi yote ya IST mjini. Basi moja linajaza gesi ya magari madogo kumi au zaidi, lakini linarudi karakana moja, kwa ratiba moja, usiku ambao kompresa nyingine hazina kazi. Likijazwa huko, halimgusi mtu. Likija kujazwa kituo cha umma saa moja asubuhi, wa bajaji aliyekuwa wa kumi kwenye mstari amekuwa wa ishirini bila kuona gari lililomtangulia limeongezeka.

Juni 2024 Waziri wa Fedha alipopendekeza bungeni tozo ya Sh 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, mtandaoni tulimshukia kama mwewe. Nami nilimshukia. Nikilitazama leo, wazo lenyewe halikuwa la kijinga: gari la gesi linakula lami sawa na la petroli, na la petroli linalipia lami hiyo kwa kila lita. Kasoro yake ilikuwa kwamba fedha zingekwenda barabarani wakati kinachokosekana ni kompresa. Kwa hesabu yetu ya kilo 10, Sh 382 ni Sh 3,820 kwa mtungi. Mtu anayesubiri saa tatu kwa ujira wa Sh 8,800 kwa saa angeilipa kwa moyo mmoja kama ingempunguzia hata nusu saa, na bado angebaki na faida. Najua kusema gesi ipande bei hakumfanyi mtu apendwe, na sitarajii kualikwa chai na vijana wa bajaji baada ya hili. Lakini tayari wanalipa zaidi ya hiyo, tena wanamlipa hewa. Saa inayopotea kwenye foleni haiingii mfuko wa mtu yeyote: si TPDC, si mwenye kituo, si Hazina. Inayeyuka juani.

Kama bei ya mchana haiguswi, basi ishuke ya usiku. Kompresa inayofanya kazi saa nane ikapumzika saa kumi na sita ni mtaji uliolala, na dereva wa mtandaoni hana ratiba ya ofisi. Mpe punguzo la Sh 200 kwa kilo kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri, ataleta gari mwenyewe. Bajaji ipewe bomba lake, isisimame nyuma ya gari lenye mtungi mara mbili na nusu ya wake. Hayo mawili hayahitaji kuchimba kisima wala kusubiri mkopo wa nje. Yanahitaji msimamizi wa kituo mwenye ruhusa ya kubandika bei mbili kwenye ubao mmoja, na ulinzi wa kutosha ili anayejaza saa nane usiku asiogope kushusha kioo.

IST yetu tunaijaza Jumapili, saa tano usiku. Mara ya mwisho tulikuta magari manne mbele, na kijana wa pampu akatuuliza kama tumepotea njia. Mtungi ulijaa mpaka bar 200, na kesho yake asubuhi, ukiwa umepoa, mshale ulikuwa umeshuka kidogo tu. Tulipokuwa tukitoka getini, bajaji mbili zilikuwa zimeshapanga ng'ambo ya barabara, madereva wamelala ndani wamejifunika koti usoni, wakishika namba ya asubuhi.